Mama Mkwe Kwenye Mfereji

Alhamisi alasiri Apolonia alifagia ghala la kijiji, akakunja magunia matupu yawe viti, akaandika ubaoni "Mbolea huongeza mazao," kisha akakaa kusubiri darasa lake la elimu ya watu wazima. Walikuja watu watatu. Mwanzoni mwa masika ghala lilikuwa halitoshi, watu wakisikilizia madirishani, lakini wengi walikuwa wametoroka mmoja mmoja, wala Apolonia hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amechoshwa na mbolea, hasa kwa kuwa mbolea yenyewe ilikuwa haijafika Itundulu tangu kijiji kianzishwe.

Itundulu kilikuwa kijiji kipya nyuma ya Ubaruku, kwenye tambarare ya Usangu. Wakazi wengi walikuwa Wasukuma waliotoka Shinyanga wakifuata majani ya ng'ombe wao, na walipofika wakagawiwa majaruba, wakaonyeshwa mfereji, wakaambiwa kuanzia sasa ni wakulima wa mpunga pia. Apolonia alitoka Kilolo, upande wa Iringa, kwenye ukungu na kengele za misheni. Alikuwa amepangiwa Itundulu kwa mwaka mmoja, na mwaka huo mmoja ulikuwa sasa unaingia wa tatu. Alikaa kwa Mbuke, mjane wa makamo asiyecheka ovyo, na chakula cha wote wawili kilitegemea jaruba la Mbuke, ambalo lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji.

Mwaka huo wa sabini na saba mvua zilikatika mapema. Mpunga wa Mbuke ulikuwa umebeba mimba, na usipopata maji kabla ya kutoa masuke ungezaa mapepe matupu. Kanuni ya kijiji haikuwa na mzaha katika jambo hilo. Jaruba lisilotoa mpunga hupewa mtu mwingine.

Basi waliokuja darasani ni Mbuke mwenyewe, mzee Budeba na Yotamu. Budeba alikuwa mfugaji aliyekuja darasani kwa sababu nyumbani kwake wake zake walikuwa wakimtuma kazi. Yotamu alikuwa Mnyakyusa mwenye sauti ndogo, mlinzi wa banio, yaani ndiye aliyetoa na kurudisha mbao za lango pale mfereji unapochukua maji mtoni.

Apolonia aliwatazama, akafuta mbolea ubaoni, akaleta sanduku. Sanduku hilo aliachiwa na kijana Mkanada aliyekuja kupima mifereji, akaumwa malaria, akarudishwa kwao akiwa amebebwa. Ndani mlikuwa na kitabu cha kanuni na dadu za kila namna, ya pande nne, ya pande nane, mpaka ya pande ishirini. Apolonia alikuwa amekisoma kile kitabu hadi kurasa zikalegea. Nusu yake aliielewa, na nusu iliyobaki aliitunga mwenyewe.

Aliwaambia huo ni mchezo wa kusafiri bila kuondoka. Yeye atasema wamefika wapi na wanaona nini, wao watasema wanafanya nini, na jambo likiwa gumu wataiuliza dadu. Budeba akauliza wakati wao wanasafiri ni nani anabaki na ng'ombe.

Kitabu cha Mkanada hakikuwa na jibu la swali hilo. Wala hakikumsaidia katika kuchagua nani awe nani. Kilisema mchezaji anaweza kuwa askari, mchawi, mwizi au kuhani. Apolonia alifungua mdomo kuwasomea, kisha akausikia mwenyewe ubaya wake. Hakukuwa na mtu Itundulu ambaye angesimama mbele ya majirani na kusema yeye amechagua kuwa mchawi, na kuhusu mwizi, mgambo walikuwa wakipita nje muda huohuo. Akafunga kitabu, akawaambia kila mtu awe anavyotaka.

Budeba akataka kuwa kijana, hajaoa, magoti yake mazima, na ana kundi la ng'ombe. Kwa kuwa ilikuwa nchi nyingine, akasema na ng'ombe nao wawe wa hukohuko, wenye pembe za buluu. Yotamu akaomba kwa haya awe karani mwenye baiskeli. Mbuke akasema yeye atakuwa Mbuke. Apolonia alimkumbusha kwamba anaweza kuwa chochote duniani. Mbuke akasema amesikia.

"Nitakuwa Mbuke," akarudia, "ila nina mkuki."

Apolonia alikuwa ameandaa safari nzima. Palikuwa na milima ya baridi kama ya kwao, daraja la mawe, pango, hazina, na joka la kuilinda hazina. Alasiri ile hawakufika hata darajani. Waliona nyumba ya kwanza kando ya njia, wakapiga hodi, na salamu zikachukua muda wote uliobaki. Mwenye nyumba hakuwepo kwenye mpango wa Apolonia hata kidogo, ikabidi amzulie jina, mke, watoto, kifua cha mtoto wa mwisho, na hali ya malisho ya mwaka huo. Alipodhani amemaliza, Budeba alimkumbusha kwa upole kwamba bado hajasema bibi yake yule mtu anaendeleaje. Ndivyo alivyojifunza kazi ya kuendesha mchezo: wewe unaandaa joka, wao wanauliza habari za bibi.

Kesho yake asubuhi ng'ombe wenye pembe za buluu walikuwa kwenye zizi la Budeba, wakicheua. Budeba aliwapitisha macho, akaridhika, akawafungulia pamoja na wengine. Bwana mifugo alipokuja siku yake alisema rangi ya pembe si kazi yake, kazi yake ni kupe, akaamuru waende josho. Baiskeli ya Yotamu nayo ilikutwa imeegemea ukuta wake, nyeusi, na kengele yake ililia kabla tu ya kuguswa. Mkuki wa Mbuke ulikuwa umesimama nje ya jiko. Aliutumia kufungia kamba ya nguo, kwa kuwa nguzo ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Ezekia, alifika mwenyewe kuiona baiskeli, akaisifu, na tangu siku hiyo akawa anamtuma Yotamu mpaka Chimala kupeleka barua zake. Ezekia alikuwa mtu wa maneno laini, mwema sana kwa kila mtu asiyemhitaji. Kila palipokuwa na mkutano alieleza kwa huzuni kwamba mto umepungua, na kwamba wenye majaruba ya mwisho wavute subira. Alipokuwa akieleza hayo, Yotamu alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Darasa likajaa tena. Watu walikuja na vigoda vyao kuangalia safari, na mwenyekiti akatuma habari wilayani kwamba elimu ya watu wazima Itundulu inakwenda vizuri. Haukuwa uongo kabisa. Yotamu alikuwa ameanza kusoma kanuni za mchezo mwenyewe, na Mbuke alijua kuandika "mkuki."

Wiki ya joka ilipofika, mfereji ulikuwa ukifika kwa Mbuke kama mkojo wa mbuzi. Apolonia alikuwa akimwona kila asubuhi amechuchumaa kwenye tuta la jaruba lake, akipapasa udongo uliokuwa umeanza kupasuka, na hasira ilimjaa mwalimu asiyekuwa na mahali pa kuipeleka. Kwa hiyo alibadilisha mpango. Alilitoa joka pangoni, akaliweka kwenye banio la ile nchi ya baridi, liwe linakunywa mto mzima na kuacha watu wa chini wakauke. Alitaka Mbuke alichome mkuki. Hata kama ni huko tu, alitaka alichome.

Alilieleza joka vizuri, watu wakasogeza vigoda. Mbuke akakamata mkuki. Ndipo Budeba aliponyanyua mkono.

"Tumeingia kwake," alisema. "Hatujasalimia."

Apolonia alimweleza kwamba hilo ni joka. Budeba akasema ameelewa, ila ni joka la watu, limezaliwa mahali. Wakaiuliza dadu kama joka litaitikia salamu. Dadu ilikuwa ikirushwa juu ya ungo katikati ya ghala, ili asiwepo wa kubisha, na ikaangukia ishirini. Apolonia hakuwa na ujanja. Akaitikia kwa niaba ya joka, na kwa kuwa sauti pekee ya mama mzee mwenye nguvu aliyoijua ilikuwa ya bibi yake wa Kilolo, joka akaitikia kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene."

Kuanzia hapo mchezo ulimtoka mikononi. Budeba aliuliza habari za nyumbani, joka akasema nzuri isipokuwa mgongo. Aliuliza watoto, joka akasema anaye mmoja, binti, hajaolewa. Watu wakamgeukia Budeba. Budeba alikuwa kijana, magoti mazima, hajaoa, na alikuwa na ng'ombe. Alimnong'oneza Mbuke kwamba mtu ukishamwoa binti yake hawezi kukunyima maji. Mbuke aliweka mkuki chini, akakubali kuwa mshenga. Apolonia alisema kitabu hakina habari za ndoa. Wakamuuliza kama kitabu kinazikataza, akapekua, akakuta hakikatazi. Dadu ikarushwa tena, ikaangukia ishirini tena, na kundi zima la pembe za buluu likatolewa mahari.

Asubuhi zizi la Budeba lilikuwa na ng'ombe wake wa kawaida tu, na alama za kwato za wale wengine zilikuwa zimeelekea mtoni. Kwenye banio la Itundulu alikuwa amelala joka. Urefu wake ulikuwa kama malori mawili yaliyosimama moja nyuma ya jingine, rangi yake ya sufuria kuukuu, na mabawa yake alikuwa ameyakunja kama kuku anayeatamia. Kinamama waliokuwa wamekwenda kuchota maji aliwasalimia "Kamwene," nao wakaitikia, wakachota upande wa juu ili wasimsumbue. Mke mkubwa wa Budeba alipoletewa habari aliuliza kitu kimoja tu, kama huyo binti anajua kutwanga. Akajibiwa kwamba binti bado anajivua gamba kwa mara ya mwisho na atakuja baada ya mavuno.

Budeba aliligundua kosa lake alipokuwa akipeleka ng'ombe malishoni. Njia ilipita banioni, na banioni alikuwa mama mkwe wake. Mtu wa kwao hamtazami mama mkwe usoni, hapiti mbele yake, hali chakula mahali anapoonekana naye, na hamwombi kitu kwa mdomo wake mwenyewe. Alisimama njiani, shuka limefunika kichwa chake, ng'ombe wakimshangaa kwa nini hawaendi. Kisha akawageuza na kuwazungusha kwa njia ya mlimani, ambayo ilimmaliza magoti yake ya kweli. Kwa hiyo mtu aliyeoa ili apate kuomba maji alikuwa ndiye mtu pekee kijijini asiyeweza kuyaomba.

"Nilisahau kwamba ataishi hapa," alimwambia Apolonia. Ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kumwona mzee huyo ameaibika.

Ikabidi aende Mbuke. Yeye alikuwa mshenga, na mshenga ana mdomo pande zote mbili. Alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando, na Apolonia akamsindikiza kwa kuwa aliona joka ni jukumu lake kwa namna fulani. Walimsalimia, wakamuuliza mgongo, wakampa maziwa. Joka alikunywa kwa adabu, akajifuta kwa ncha ya ulimi. Mbuke akaeleza shida yake bila kuipamba: mpunga una mimba, udongo umepasuka, na kama mama angeweza kupunguza kidogo kunywa, au kusogea.

"Mwanangu," joka alisema, "mimi nakunywa kiasi cha ndoo, jioni. Nimelala hapa kwa ajili ya ubaridi wa mbao. Maji yako yanapita chini ya tumbo langu usiku na mchana, nayasikia. Yakifika kwenye ile njia panda ya mfereji, hapo chini, yanakata kulia."

Akainua kichwa, na kwa kuwa shingo yake ilikuwa ndefu aliona juu ya matete. Akawasimulia anachokiona: majaruba mapana, mpunga wa kijani kibichi uliofika kiunoni, na mzee mmoja mnene amesimama chini ya mwavuli akiutazama. Apolonia na Mbuke walitazamana. Upande wa kulia palikuwa na shamba la mfano, ambalo kila mtu alijua ni kijisehemu kidogo cha kufundishia, chini ya uangalizi wa mwenyekiti. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda nyuma ya matete. Mfereji wa upande huo ulisemekana ulizibwa tangu mwaka wa kwanza.

Ezekia aliitisha mkutano mbele ya ghala kabla wao hawajamaliza kuzungumza juu ya jambo hilo. Alisema kwa huzuni yake ya kawaida kwamba sasa sababu ya uhaba wa maji imejulikana, tena inaonekana kwa macho, imelala banioni. Watu waligeuza shingo. Joka alikuwa amekuja mkutanoni kama wengine na alikuwa amekaa nyuma, upande wa kinamama, ambao walikuwa wamempisha nafasi. Budeba alikuwa amekaa mbele kabisa, mgongo kwa mkwewe, shuka kichwani.

Mbuke alisimama, akaomba mgeni apewe nafasi ya kusema. Joka alisema yaleyale, kwa sauti ileile ya bibi wa Kilolo. Alitaja ndoo. Alitaja tumbo lake. Alitaja njia panda. Kisha, kwa kuwa watu wengine walikuwa wafupi, alipitisha mkia wake nyuma ya ghala, akayalaza matete yote kwa mpigo mmoja, ili kila mtu ajionee.

Kila mtu alijionea. Shamba la mfano lilifika mpaka linapokutana na mbingu. Mpunga wake ulikuwa ukiinama kwa uzito, na chini yake maji yalimetameta. Mtoto wa mtu alisema ni zuri, akafinywa. Yotamu alikuwa amefumba macho.

"Tumshukuru ndugu mgeni wetu kwa mchango wake," Ezekia alisema, na akapiga makofi, na watu kwa mazoea wakapiga makofi. Alisema suala hilo ni zito, halifai kuamuliwa kwa pupa, hivyo linapelekwa kwenye kamati ndogo ya maji. Mwenyekiti wa kamati ndogo alikuwa yeye. Na ili haki ionekane imetendeka, alimteua joka kuwa mjumbe.

Kamati ilikaa ofisini, joka ameingiza kichwa dirishani. Ilithibitisha kwamba joka yupo na kwamba anakunywa maji. Ikaamua kwamba kwa sababu hiyo majaruba ya mwisho yaendelee kuvuta subira. Joka alitaka kusema neno, akaelezwa kwamba mjumbe hapingi kamati yake, na kwa kuwa alikuwa joka mwenye heshima zake, akanyamaza. Jioni alimwambia Mbuke kwamba katika maisha yake marefu amepigwa mishale na kumwagiwa mafuta ya moto, lakini hajawahi kuteuliwa.

Mbuke hakucheka. Alirudi nyumbani, akakaa kizingitini, akasema amechoka kuvuta subira, kwamba amevuta subira tangu Shinyanga, amevuta subira kwa mume, kwa mvua na kwa wakubwa, na kwamba hajawahi kuona ncha ya pili ya hiyo subira imefungwa nini. Apolonia alikaa karibu naye.

Alhamisi iliyofuata ghala lilijaa mpaka mlangoni. Ezekia naye alikuja, akakaa mbele kwenye kiti alicholetewa kutoka ofisini, akisema yeye pia ni mtu mzima na anapenda elimu. Apolonia alirusha macho kwa wachezaji wake, akauliza kama kawaida, wako wapi na wanafanya nini.

"Niko banioni," Mbuke alisema. "Siyo la kule kwenye baridi. La hapa."

Mwendesha mchezo anaweza kukataa. Kitabu kiliruhusu hilo waziwazi. Apolonia alikuwa amelisubiri neno hilo kwa wiki nzima bila kukiri. Akauliza anafanya nini.

"Naziba njia ya kulia. Nafungua ya kwetu."

Apolonia alimgeukia mwenyekiti bila kutaka. Ezekia alitabasamu, akasema yeye hana kipingamizi, mchezo ni mchezo. Basi Apolonia akataja ugumu wake. Alisema dadu lazima ifike kumi na nane, na alipoitaja namba hiyo akajiona bahili, lakini watu wote walitikisa vichwa kukubali. Walijua ni jambo gumu, na kitu chepesi wasingekiamini. Mbuke alitemea dadu mate kidogo, akairusha. Ilizunguka kwenye ungo, ikagonga ukingo, ikatulia. Ishirini.

Watu waliinamia ungo kuihakiki. Kisha Yotamu, ambaye tangu mkutano alikuwa hajasema kitu, akasimama na kusema karani naye yupo banioni, ameegesha baiskeli, na anazitoa mbao za upande wa kina Mbuke. Alinyoosha mkono apewe dadu.

"Hilo halihitaji dadu," Apolonia alimwambia. "Ni kazi yako."

Asubuhi watu walitoka na majembe kabla jua halijapanda. Hawakuwa na wasiwasi. Walikuwa wameona ng'ombe wakija, wakaona baiskeli, wakaona mkuki, na joka walikuwa wakisalimiana naye kila siku, sasa maji ya mfereji yatashindwaje? Walitengeneza tuta la Mbuke, wakapasua mahali pa kuingilia, wakang'oa majani njia yote. Banioni mambo yalikuwa kama yalivyosemwa ghalani. Kwenye njia panda upande wa kulia ulikuwa umezibwa kwa mbao mpya ambazo hakuna mtu aliyezipigilia, na upande wa kushoto ulikuwa wazi. Joka, kwa kuongeza nguvu, alikuwa amejilaza nyuma ya zile mbao.

Maji yakaja. Yalikuja mengi, ya rangi ya chai, yakisukuma mapovu mbele yake, na watu wakatembea pembeni yake wakiyasindikiza. Mbuke alikuwa mbele. Alikuwa amevua viatu.

Yalipofika njia panda yalisimama. Yalikaa pale kidogo, yakivimba polepole, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu, umesafishwa, unateremka vizuri. Kisha maji yakajiinua, yakapanda mbao, yakapita juu ya mgongo wa joka, yakashuka upande wa pili, yakakata kulia kuelekea shamba la mfano. Hayakuacha nyuma hata tone.

Watu walisimama na majembe yao mabegani. Budeba alikuwa amejisahau kabisa na alikuwa anamtazama mama mkwe wake usoni, naye joka alikuwa akimtazama, maji yakichuruzika kwenye mabawa yake. Wala mmoja wao hakugeuza macho.

"Yamezoea," Yotamu alisema.

Mbuke aligeuka. Hakupandisha sauti. "Nani aliyeyazoesha?"

"Mimi, mama," Yotamu alisema. "Niliambiwa."

Alikuwa amesimama ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili. Mbuke alimtazama mpaka ikatosha. Kisha wote wakatazama tena yale maji, jinsi yalivyokuwa yakienda bila kusita, na watu wa Itundulu, ambao walikubali pembe za buluu kabla ya kunywa uji wa asubuhi, wakalikubali na hilo. Walijaribu na makopo, na madebe, na joka alijaza mdomo akaenda kumwaga kwenye jaruba. Maji yalilala pale juu ya udongo kwa muda wa kupumzika, kisha yakajikusanya na kurudi yalikotoka.

Masuke ya Mbuke yalitoka meupe na mepesi, yakasimama wima kwa kukosa cha kuyainamisha. Aliyakata yawe majani ya ng'ombe. Jaruba lilionekana halijatoa mpunga, kanuni ikasomwa, na likapewa mpwa wa mwenyekiti. Kwa Apolonia iliandikwa barua ya pongezi kwa mahudhurio.

Mwezi wa sita palitangazwa kazi ya kijiji, kuvuna shamba la mfano, na kila kaya ilitakiwa itoe mtu. Mbuke alikwenda na mundu wake. Apolonia alikwenda na darasa lote, kwa kuwa uvunaji ulihesabiwa kuwa elimu ya vitendo. Yotamu alifunga mizigo. Joka alibeba magunia, manne manne kila upande wa mgongo, na Budeba alitembea mbele yake kumwonyesha njia, akimwelekeza huku anatazama mbele, kama inavyotakiwa kwa mtu na mkwewe. Mbuke alikuwa mvunaji wa haraka kuliko wote. Alipita ndani ya ule mpunga akiinama na kuinuka, mafungu yakilala nyuma yake yamenyooka, wala hakuruka hata shina moja.

Mchana Ezekia aliwapikia wavunaji wali wa shamba hilohilo, akapita akiwaambia karibuni, karibuni. Apolonia alishika tonge likamshinda. Akalirudisha kwenye sinia. Mbuke alikaa karibu naye, akanawa mikono, akala taratibu mpaka akamaliza, akakusanya na punje zilizobaki kwa kidole.

"Ni mtamu," alisema. Na kweli ulikuwa mtamu.